Orodha ya Waliochangia Simu ya Siri

Lusahunga,
Biharamulo.
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Mpendwa dada yangu Eufrazia,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Urambo, wewe na shemeji Nduwayo na watoto wote. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema linakuuma ukichuchumaa kwenye kitalu cha tumbaku. Namwomba Mungu alilegeze kabla mvua hazijaanza, maana najua tumbaku haimsubiri mgonjwa.

Mimi ni mzima wa kusimama. Bado napakia na kupakua hapa barabarani, maharage, mahindi, na saruji ya kwenda Rusumo. Zamani gunia la lumbesa nililibeba peke yangu. Sasa tunalishika wawili, na huyo wa pili ananung'unika. Mgongo ukinikataa nalala chali juu ya turubai mpaka niitwe tena. Sina zaidi ya hapo la kusema juu ya afya yangu.

Nyumbani Kibimba mke wangu Generoza anaendelea kidogo kidogo. Kidonda cha mguu kimefunga. Lakini mnyauko umeingia kwenye migomba, na amelazimika kukata zaidi ya nusu na kuifukia. Pale ambapo baba alikuwa anakaa kivulini, sasa ukisimama unaona mpaka uani kwa jirani. Nilikwenda mwezi wa sita nikamsaidia siku mbili, kisha nikarudi huku, kwa sababu shamba lenyewe sasa halitulishi.

Dada, barua hii nimempa Ndassa, mwenzangu wa kazi, anayekuja huko kumwona kaka yake. Ni mtu wa Shinyanga, mtaratibu, hatafungua. Nakuomba uisome mwenyewe, umeketi. Najua umenipigia simu mara nne na kila mara nimekueleza habari za mvua. Nilikuwa nakukwepa. Kusema jambo hili kwa mdomo, nikisikia unavyopumua upande wa pili, nimeshindwa.

Nianze na lililo kubwa. Mwanangu Nice yu hai. Yuko kwa mumewe Juvenali, Biharamulo, yeye na mtoto wake Diana. Nimemwona kwa macho yangu, nitakueleza.

Tangu Juvenali alipokuja kumchukua kwako mwezi wa nane umekuwa ukijilaumu. Ulisema labda ni pale ulipomtuma gulioni akaonwa na wachuuzi wa huku. Ukasema labda ni maombi uliyoomba kwenye jumuiya, ukataja jina lake. Hata Yuster, binti yako, ulimgombeza kwamba amepeleka picha kwenye simu. Dada, mwombe Yuster radhi. Si yeye, wala si wewe, wala jumuiya. Aliyemtoa Nice ni mimi baba yake.

Unakumbuka alivyokuja. Mwezi wa tatu alifika hapa Lusahunga asubuhi na mapema, mtoto mgongoni, sikio moja limevimba kwa vipigo vya mumewe hata halisikii. Hakuwa na kitu zaidi ya khanga mbili. Laini ya simu aliyokuwa nayo ilisajiliwa kwa kidole cha Juvenali, kwa kuwa Nice hana kitambulisho. Mama yake alizaliwa ng'ambo ya mto Ruvubu, upande wa Burundi, na sisi hatukuwahi kuweka karatasi yoyote ya kuonyesha nani alizaliwa wapi. Alipokwenda kujiandikisha aliambiwa alete karatasi, na karatasi hatuna. Basi laini ile aliitoa akaivunja kwa meno mbele yangu. Nikampakia kwenye lori la dereva ninayemwamini mpaka Kahama, na wewe ukampokea. Tuliojua alipo tulikuwa mimi, Generoza na watu wa nyumbani kwako tu.

Mwezi wa tano ndipo ilipokuja habari ya simu. Huku iliingia kupitia kwa Abeli, kijana anayechaji simu za watu pale kituo cha malori na kuuza makava. Alituambia iko kampuni ya ng'ambo inayotaka kutengeneza simu ambayo hakuna mtu anayeweza kuisikiliza, wala kujua mwenye nayo yuko wapi, wala kusoma alichoandika. Ina swichi ubavuni, ukiibonyeza inakuwa kiziwi na kipofu. Lakini kampuni haina mtaji, kwa hiyo watu wa dunia nzima wanachanga kwanza, kisha simu inatengenezwa, kisha kila aliyechanga anapelekewa yake. Wao wanapokea kwa kadi za benki, na sisi kadi hatuna, basi Abeli akawa anakusanya na kumpelekea ndugu yake wa Mwanza mwenye kadi.

Madereva walichanga, madalali walichanga, wenye vibanda walichanga. Nilishangaa jinsi watu walivyo na siri. Mimi nilimuuliza Abeli ni nani aliyeishika simu hiyo kwa mkono wake. Alisema bado haijatengenezwa. Nikamwambia sisi wapakiaji hatukubali bei ya gunia kabla hatujaliinua kidogo kulisikia. Akacheka, akasema mbele ya watu, "Mzee Minani, na wewe una siri gani ya kufichwa? Hata kiatu chako tunajua umekifunga kwa waya." Nikamjibu, "Waya huu ninao mguuni. Simu yako iko wapi?" Watu wakacheka sana, na kwa siku ile yakaishia hapo.

Kisha Nice akanipigia kwa simu yako. Yuster alikuwa amemwonyesha habari hizo hizo. Aliniambia kwa sauti ya chini, kama vile mtu amesimama nyuma yake, "Baba, nikiipata hiyo simu nitaongea na mama bila kuogopa. Nimechoka kumwota." Alikuwa amefanya vibarua vya kupanga madaraja ya tumbaku na alichopata alikituma kwangu nimpe Abeli.

Hapo ningekataa. Nilikuwa na akili zangu zote, na moyoni nilikuwa siamini. Lakini ningemwambiaje mtoto aliyechoka kumwota mama yake kwamba mimi baba sina imani? Nikapeleka.

Abeli akauliza jina la mwenye simu na mahali pa kumpelekea. Ningesema Minani, yangekwisha. Lakini niliwaza, mimi ni mtu wa kubebeshwa mizigo, siku yoyote gunia laweza kuniangukia shingoni, halafu simu itakuja kwa jina la marehemu na Nice ataikosa. Nikasema andika Nice Minani. Kwa kuwa huko kwenu hakuna namba za nyumba nikamwelekeza vizuri: Urambo, kwa shangazi yake Eufrazia, nyuma ya ghala la tumbaku. Abeli akaandika kwenye simu yake, akanisomea, nikasema ndiyo, sawasawa.

Mwezi wa sita simu haikuja. Tukaambiwa mwezi wa saba. Mwezi wa saba ikaja picha, na Ndassa aliitazama kwa makini akasema hilo ni kava tu, ndani hamna kitu, kioo hakina hata mwanga. Tukaambiwa kuna kidude kinachosubiriwa kutoka nchi nyingine. Kisha vikaja vibandiko vya kubandika kwenye madirisha ya malori, vimeandikwa kwamba maisha yako ni yako. Dereva mmoja wa Kigali alisema amewahi kumwona mtu mwenye simu ya namna hiyo. Ilikuwa inachemka kama pasi, na haikushika mtandao wa huku hata kidogo. Wengine wakasema huyo dereva anatumwa na wenye wivu.

Mimi nikaona sasa tunaibiwa, na hasira zangu zilikuwa za Nice. Siku moja mchana, malori yamejaa na watu wamekaa kwenye mabenchi ya mama ntilie, nikasimama. Dada, unajua mimi niliishia darasa la tano na si mtu wa kusimama mbele za watu. Siku ile nilisimama. Nikasema kwetu Ngara mtu akichangia msiba, jina lake husomwa kabla jeneza halijatoka. Fulani wa Mbuba, ndoo ya maharage. Fulani wa Kibimba, mkungu mmoja. Hata aliyeleta kuni husomwa, na asiyesomwa hujua kuna mkono umeingia katikati. Nikamwambia Abeli, kama wewe ni mkweli, tutolee orodha ya waliochangia, kila mtu na mahali pake, tujue tuko wangapi na vyetu vimefika.

Abeli alisita. Akasema taratibu, "Mzee, hii ni simu ya siri. Majina ya watu si ya kutangaza."

Na mimi nikasema, "Anayeficha daftari ndiye mwizi."

Watu wakapiga makofi. Madereva wakagonga meza. Mama ntilie akaniletea chai na chapati bila kuniuliza, na mzee mmoja wa Karagwe akasema laiti viongozi wangekuwa kama mimi. Dada, nilikunywa chai ile kwa raha. Kwa miaka mingi sikuwa nimesikilizwa na watu wengi namna ile. Nataka ujue kwamba niliona raha, ili usidhani niliponzwa na mtu. Hakuna aliyeniponza.

Jioni Abeli akaweka orodha kwenye kundi lao la wasapu. Sikuiona. Simu yangu ni kitochi, unaijua, haina hata kamera. Niliridhika kusikia kwamba imewekwa.

Baada ya siku mbili, siku ya Alhamisi, tulikuwa tunasubiri lori la saruji na Ndassa akaanza kunisomea kwa kunifurahisha, maana ilikuwa orodha yangu. Watu sitini na watatu. Alisoma wa kumi na tisa: Nice Minani, Urambo, kwa shangazi yake Eufrazia, nyuma ya ghala la tumbaku. Akaendelea kusoma, hakujua kitu. Wa arobaini na moja akasema, Juvenali, dalali wa mahindi, Biharamulo.

Yaani mkwe wangu naye alichanga. Simu ambayo mwanangu aliingoja ili amfiche mumewe, mumewe naye alikuwa anaingoja. Sijui yeye alitaka kumficha nani.

Nilikupigia hapo hapo. Haikupatikana. Nikapiga tena na tena, Ndassa akanipa na ya kwake, haikupatikana. Baadaye uliniambia ulikuwa mtoni unamwagilia kitalu na simu ilikuwa imezimika. Uliponipigia jioni ulikuwa unalia. Ulisema amekuja na wazee wawili, amevaa koti, amepiga magoti mbele ya shemeji Nduwayo akaomba radhi kama mtu wa kanisani, na Nice hakubishana. Amefunga mtoto mgongoni, amekunja khanga zake mbili, amepanda gari. Ukaniuliza, wamejuaje? Na mimi nikasema sijui.

Hilo neno sijui ndilo limenikalisha leo kuandika.

Abeli sijamgombeza. Alinikataza, na yeye mwenyewe amechanga kama wengine. Sasa anakaa kibandani kwake akiangalia simu za watu zinavyochaji, hasalimii mtu. Kama simu ipo au haipo, dada, mimi sijui tena. Huenda huko ng'ambo kuna watu waungwana wanaohangaika kweli kuitengeneza. Lakini hata ingekuja, ingefika mikononi mwetu sisi. Ingehitaji laini, na laini inataka kidole cha mtu mwenye kitambulisho. Ingehitaji kuchajiwa, na ingelala kibandani kwa mtu kama Abeli imebandikwa karatasi yenye jina la Nice. Generoza hajui kusoma, kwa hiyo ujumbe wa Nice ukiingia kwake angempelekea jirani amsomee uani, na watu wa uani wote wangesikia. Ningemwambia nini mtengenezaji? Yeye amefunga milango yote ya simu, na sisi tunakaa nje tukisomeana kwa sauti.

Sasa nikueleze nilivyomwona. Jumanne ya wiki mbili zilizopita Juvenali alileta mahindi hapa kuwauzia wenye malori, na Nice alikuwa naye garini. Alishuka, akanipigia goti, akasema shikamoo baba. Nikaitikia marahaba mwanangu. Kitambaa amekifunga chini mpaka kwenye nyusi. Diana amekua, ameanza kushikashika vitu asimame. Nice akaniuliza kama mguu wa mama yake umepona. Nikasema umefunga. Hatukuwa na la kuongea zaidi, kwa sababu Juvenali alikuwa amesimama kati yetu, mpole, ananinunulia soda.

Ndipo akasema, tena kwa heshima, "Baba, hivi ile simu yetu itafika lini? Na mimi nimechanga." Akaendelea, "Lakini sijutii. Bila ile orodha uliyoidai ningezunguka nchi nzima. Nashukuru sana, baba."

Alisema mbele ya Nice. Alitaka asikie. Nice alikuwa anashika mdomo wa gunia huku mtu mwingine akimimina mahindi. Hakuinua uso, wala mahindi hayakumwagika hata punje. Nilingoja aniangalie. Hakuniangalia mpaka walipoondoka.

Tangu siku hiyo chakula kinapita tu. Ndassa akaniambia niende polisi kwenye dawati la jinsia, na nilikwenda. Nilimkuta afisa mwanamke, akanisikiliza mpaka mwisho, akaandika. Akasema mimi nimefanya vizuri kuja, lakini ni lazima wampate Nice aseme kwa kinywa chake, na asiseme mumewe akiwa pale. Nikamwambia hana simu. Akasema basi aende mtu wa kwao anayemwamini. Nilishukuru nikatoka. Huyo mtu si mimi tena.

Nimepata ujumbe wako kwamba kampuni inaomba watu wachange mara ya pili ili kidude kile kimaliziwe, na kwamba uko tayari kuuza mbuzi ili Nice asipoteze nafasi yake. Dada yangu, nakusihi, usiuze. Hata wakisema imebaki siku moja, usiuze. Mbuzi huyo mfanye nauli.

Wewe ndiye shangazi. Unajua kwetu baba hali wala halali kwa mkwe wake, akifika anaishia uani kwenye kiti. Shangazi huingia mpaka jikoni, na mwanamume akimzuia shangazi wa mkewe, hata wazee wake wa Mbuba watamcheka. Njoo na unga wa mtama kama desturi, sema umekuja kumwona mtoto. Kaa siku mbili tatu. Teka naye maji, msuke nywele, utaona chini ya kile kitambaa kuna nini. Ukimpata peke yake mwulize kama anataka kusema mbele ya yule afisa. Akisema ndiyo, ofisi nitakuonyesha. Akisema hapana, mwache, usimlazimishe, tumekwisha kumwamulia mambo mengi. Walau atakuwa ameonwa na mtu wa kwao, na Juvenali atajua kwamba ameonwa.

Sikufichi, sina matumaini makubwa. Nikilala naona ile mikono imeshika gunia. Mtoto aliyetolewa na baba yake atamwamini nani aliyetoka upande wa baba? Huenda akakupikia, akakutandikia, akakusindikiza njiani bila kufungua mdomo. Ikiwa hivyo rudi salama, sitakulaumu.

Generoza hajui. Anaendelea kumlaani aliyemsema mtoto wake, kila jioni kwenye rozari, na mimi nikipiga simu ananiomba niitikie amina. Jumamosi nitapanda lori mpaka Ngara, niende Kibimba nikamwambie yeye mwenyewe, kwa mdomo, hata kama hatanipikia tena. Wewe nimekuandikia kwa sababu uko mbali. Yeye hastahili karatasi ya kusomewa na jirani.

Nisalimie shemeji Nduwayo, mwambie sikumdharau kwa kunyamaza. Msalimie Yuster, na usisahau nililokuomba juu yake. Dada yetu Esperansia akipita huko, mpe salamu, lakini barua usimwonyeshe. Mungu akutangulie katika barabara ya kuja, akutie nguvu ya goti, na akupe maneno ambayo mimi sina.

Ukifika kwa Nice, usimwambie kwamba mimi ndiye niliyekutuma. Sema umekuja mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, ingawa sasa kwa aibu,

Minani